Maswali ya Wasomaji: Mwili Upo Dukani, Akili Iko Wapi?

Barua nyingi za mwezi huu zimegusa jambo moja, nalo ni akili isiyotulia. Kiswahili chetu kimeliona zamani, ndiyo maana mtu aliyelemewa husema tu "nina mawazo" na kila mtu akamwelewa. Wengi wenu mmesikia neno uzingativu, yaani kuielekeza akili kwa makusudi kwenye kinachotokea sasa hivi, bila kukihukumu, mkataka kujua linafanywaje hasa. Tumechagua barua sita. Majina tumeyaondoa.

Nikifumba macho mawazo yanazidi

*Habari zenu. Mimi ni wakala wa mobile money hapa Busia, karibu na mpaka. Mezani nina simu tatu, mbili za kazi na moja yangu, na zinalia kutwa. Usiku mkono unatafuta simu wenyewe. Mteja mmoja alinishauri nitafakari dakika 20 kila asubuhi. Nimejaribu siku nne, lakini nikifumba macho mawazo yanazidi kuliko mwanzo. Nakosea wapi?*

Dada, mawazo hayajazidi. Yalikuwepo, ila milio ya simu ilikuwa inayafunika. Ukizima redio dukani ndipo unasikia friji linavyonguruma. Kilichokuangusha ni matarajio: ulikaa ukisubiri akili iwe tupu, na akili ya mtu aliye hai haiwi tupu. Zoezi lenyewe ni hili: unaipeleka akili kwenye pumzi, inatoroka, unagundua imetoroka, unairudisha. Pale unapogundua ndipo kazi inapofanyika. Ikitoroka mara 30 ndani ya dakika tano nawe ukairudisha mara 30, umefanya zoezi mara 30, na hiyo ni asubuhi nzuri.

Anza na dakika tano, hizo 20 ziache kwanza. Kaa kwenye kiti au stuli, nyayo zote zikanyage sakafu, mgongo ujisimamie bila kuegemea ukuta, maana ukiegemea saa kumi na mbili asubuhi utasinzia. Mikono iweke mapajani. Fumba macho, au yaelekeze sakafuni hatua mbili mbele yako. Chagua mahali pamoja unapoihisi pumzi vizuri zaidi, puani, kifuani au tumboni, na usihamehame. Iache pumzi iende inavyokwenda, kisha ihesabu inapotoka: moja, mbili, mpaka kumi, halafu rudi kwenye moja. Ukijikuta umefika 14, au umepotelea kwenye tatu ukiwaza floti, yaani salio lako la kazi, anza tena na moja. Kujilaumu ni wazo jingine tu, nalo liache lipite. Kaa na dakika tano kwa wiki mbili kabla ya kuongeza hadi kumi. Dakika tano za kila siku zina faida kuliko dakika 40 za Jumapili moja.

Jihadhari na kosa moja linalowatisha wengi. Mtu anavuta pumzi kubwa za harakaharaka akidhani ndiyo utulivu, kumbe anapunguza kaboni dayoksaidi kwenye damu. Kichwa kinakuwa chepesi, vidole na midomo inafanya ganzi, moyo unazidi kwenda mbio, naye anaamini ameugua. Ikikutokea, acha kuhesabu na upumue kawaida. Siku ambayo moyo unadunda kweli, refusha pumzi inayotoka tu: ingiza ukihesabu nne, toa ukihesabu sita, kwa dakika mbili hivi. Hizo ni pumzi kama sita kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia huvuta 12 hadi 20. Moyo huongeza mwendo kidogo hewa inapoingia na kupunguza inapotoka, kwa hiyo kurefusha ile ya kutoka ni kuusaidia ufanye jambo ambalo tayari unalijua.

Kisha lipeleke zoezi mezani, kwa sababu huko ndiko unakoishi. Pesa hupotea kabla tu ya namba ya siri, mkono unapokwenda kwa mazoea na macho yako kwa mteja anayefuata. Simamisha kidole juu ya kitufe. Hisi nyayo zako sakafuni, toa pumzi moja. Soma namba ya mteja kwa sauti, tarakimu mbili mbili, kisha jina lililotokea kwenye kioo, kisha kiasi. Je, ni 50,000 au 500,000? Mteja aitikie, ndipo ubonyeze. Ni sekunde kumi, na kwa miamala 100 kwa siku umepata mazoezi 100 bila kuamka mapema.

Usiku, simu zote zilale chumba kingine, na ununue saa ya mezani ili simu isiwe kisingizio cha kukuamsha. Chai ya rangi au kahawa ya jioni iwahi, kwa sababu kafeini ya kikombe cha saa kumi na mbili, karibu nusu yake bado imo mwilini saa tano usiku. Mkono ukianza kutafuta simu gizani, usiupige vita. Uangalie. Kifua kimekaza? Unatafuta habari, au unakimbia jambo fulani la mchana? Mara nyingi hamu hiyo hupanda, hufika kileleni na kushuka ndani ya dakika chache usipoilisha. Ukiona usingizi haujaja baada ya kama dakika 20, ondoka kitandani, kaa kwenye mwanga hafifu, urudi ukisinzia.

Naweza kufanya nikiwa kwenye pikipiki?

*Mimi ni boda boda, Mbale. Muda wa kukaa kwenye kiti sina.*

Kaka, kuhesabu pumzi ukiendesha, hapana, hata kwenye foleni. Barabarani uzingativu hutazama nje: vioo, mashimo, mtoto anayesimama ukingoni, taksi inayotaka kusimama ghafla. Hatari yako ni ile hali ya kufika bila kukumbuka ulivyopita njiani. Chagua alama moja ya kukuamsha, kwa mfano kila unapoachia mafuta kukaribia makutano. Hapo legeza mabega na vidole, kwa sababu mkono unaobana usukani huchoka na huchelewa kukwepa shimo, kisha tazama kioo. Na ile simu iliyochomekwa ndani ya helmeti ili uongee na mteja, itoe. Sikio likiwa kwa mteja wa kesho, abiria wa leo hana dereva. Kuhesabu pumzi fanya stejini, injini imezimwa, ukisubiri zamu.

Binti yangu na mambo ya Kibuddha

*Mimi ni mama wa Kikristo, Jinja. Binti yangu yuko chuo kikuu na anatumia vidonge vya sonona. Mshauri wa chuo amemfundisha mazoezi haya, na mchungaji wetu anasema ni dini ya Buddha kwa mlango wa nyuma. Sasa binti anasema mazoezi yanamtosha, anataka kuacha vidonge. Nifanye nini?*

Mama, mambo ni mawili na la pili ndilo la haraka. Asiache vidonge mwenyewe. Dawa nyingi za sonona zikikatwa ghafla huleta kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi mbovu na hasira, na ugonjwa wenyewe unaweza kurudi. Kama anataka kuacha, aliyemwandikia ndiye apange kupunguza kidogo kidogo. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walichambua majaribio 47 ya mazoezi ya kutafakari yenye washiriki 3,515. Walikuta nafuu ndogo hadi ya wastani kwa wasiwasi, sonona na maumivu. Hawakukuta kwamba mazoezi hayo yanashinda dawa, mazoezi ya viungo au tiba nyingine za ushauri. Binti yako ayaweke kando ya matibabu, yasichukue nafasi yake.

Kuhusu asili, mchungaji hasemi uongo. Mbinu nyingi zimetoka kwenye mapokeo ya Kibuddha, na anayekuficha hilo hakutendei haki. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, katika chuo cha tiba cha Massachusetts huko Marekani, alizichukua akazipanga kuwa kozi ya wiki nane kwa wagonjwa wenye maumivu sugu ambao tiba ya kawaida ilikuwa haijawasaidia vya kutosha. Hamna sala ndani yake, wala mungu wa kuitwa. Kuna kukaa, kupumua, kuuhisi mwili kuanzia vidole vya miguu hadi kichwani, na kunyoosha viungo.

Hata hivyo, dhamiri ikikataa, msilazimishe, kwa sababu mazoezi yanayofanywa kwa hofu hayatulizi mtu. Kuielekeza akili si mali ya dini moja. Mwislamu anaijua khushuu, ile ya moyo kuwepo ndani ya sala ulimi unaposoma. Mkristo anajua kukaa kimya mbele za Mungu kabla ya kuomba. Binti anaweza kuchukua mstari mmoja mfupi wa Zaburi, nusu ausome moyoni hewa ikiingia na nusu ikitoka, na kila akili inapotoroka arudi kwenye mstari badala ya kwenye hesabu. Kiini cha zoezi ni kilekile cha kugundua na kurudi.

"Upo lakini hupo"

*Mke wangu ananiambia hivyo kila siku. Nina makundi 23 ya wasapu: ukoo, chama cha akiba, wazazi wa shule, wafanyabiashara wa nafaka hapa Gulu, siasa, mengine sijui nani aliniingiza. Wiki iliyopita nilijibu kwa hasira kwenye kundi la ukoo na sasa shangazi hanisemeshi.*

Mheshimiwa, tuanze na shangazi. Yule mwandika jibu kali hakuwa mtu mwingine, alikuwa wewe katika sekunde ambazo hukujiona. Hasira hutangulia mwilini kabla ya maneno: taya linakaza, masikio yanapata moto, dole gumba linakwenda haraka. Jifunze dalili yako mwenyewe ni ipi, maana kila mtu ana yake. Ukiiona, weka simu kifudifudi na ujiulize neno sahihi ni lipi. Sisi husema "nimekasirika" kwa kila kitu, na hapo ndipo tunapojikosea, kwa sababu lugha yetu ina maneno ya kutosha. Je, ni uchungu, kwamba umeumizwa na mtu unayempenda? Ni fedheha, kwamba umeshushwa mbele za watu? Ni kinyongo, yaani hasira ya zamani uliyoificha ikapata mlango? Ni wivu? Au ni fadhaa tu, mambo yamekuja kwa wingi kwa pamoja? Kila neno lina dawa yake. Uchungu unataka mazungumzo ya wawili, haukai kwenye kundi la watu 60. Fedheha inataka muda. Kinyongo kinataka utaje lile la zamani. Fadhaa mara nyingine inataka chakula na usingizi. Mtu akishalitaja neno kwa usahihi, mara nyingi joto linapungua kidogo, na nafasi hiyo ndogo inatosha kuchagua. Jibu liandike kwenye karatasi ukitaka, ulilaze mpaka asubuhi. Kwa shangazi, ujumbe hautoshi. Mpigie, au bora zaidi nenda.

Makundi hayo yagawe leo, ukiwa umekaa. Yanayohusu pesa yako, watoto wako na msiba yaache yalie. Mengine yote yazime mlio daima, programu inaruhusu, na uyafungue mara mbili kwa siku, tuseme saa saba mchana na saa kumi na mbili jioni, kwa dakika 15. Yale usiyojua nani alikuingiza, toka. Zima pia alama nyekundu za idadi ya ujumbe kama simu inakubali, kwa sababu namba ile peke yake inatosha kukuvuta. Halafu kwenye mipangilio ya faragha chagua nani anaweza kukuingiza kwenye kundi.

Na mke wako? Dakika kumi kila jioni, simu ikiwa chumba kingine. Kuiweka mfukoni hakutoshi, kwani ikitetemeka tayari umeondoka. Akizungumza, angalia mara ngapi unaanza kuandaa jibu kabla hajamaliza. Ukijikamata, rudi kwenye sauti yake, kama wakala wa Busia anavyorudi kwenye moja. Akimaliza, mrudishie kwa maneno yako ulichosikia, kisha uulize, "Nimekuelewa?" Usitoe ufumbuzi asipouomba. Siku za kwanza itakuwa kama mchezo wa kuigiza, naye huenda akakutilia shaka. Endelea wiki tatu.

Tumeambiwa tufundishe darasani

*Mimi ni mwalimu wa Senior One, mwaka wa kwanza wa sekondari, Hoima, wanafunzi 90 darasani. Shirika moja linataka tuweke kipindi cha uzingativu kila wiki kwa wote. Mnashauri nini?*

Mwalimu, nenda taratibu. Uingereza walilijaribu hilo kwa upana katika shule 85, wanafunzi zaidi ya 8,000 wa miaka 11 hadi 14, na matokeo yalitoka mwaka 2022: vipindi hivyo havikuwapa watoto afya bora ya akili kuliko masomo ya kawaida ya malezi. Wengi hawakufanya mazoezi nyumbani kabisa. Mtoto aliyelazimishwa kukaa kimya na mawazo yake hapati faida, na mwenye msiba nyumbani anaweza kuumia.

Kinachowezekana katika darasa la 90 ni kidogo, na kidogo hicho kina maana. Kabla ya mtihani, dakika moja: kalamu chini, nyayo sakafuni, pumzi tano, macho wazi kwa anayetaka. Asiyetaka achore au atazame dirishani, mradi asisumbue. Usiwaulize mbele za wenzao wamehisi nini. Na usitumie kimya kama adhabu kwa darasa lenye kelele, maana ukishafanya hivyo mara moja, kimya kitakuwa kiboko milele. Lakini kwanza fanya wewe mwezi mzima. Watoto husoma uso wa mwalimu kabla hawajasoma ubao.

Mvua ikipiga bati nasikia risasi

*Mimi ni mama kutoka Congo, naishi kambi ya wakimbizi ya Nakivale hapa Uganda. Kanisani walitufundisha kufumba macho na kusikiliza mwili. Wengine walitulia. Mimi niliona mambo ya kule nyumbani tena, nikatetemeka mpaka nikatolewa nje. Sasa naogopa hata kulala. Je, nimelaaniwa?*

Mama, hujalaaniwa, na hukushindwa zoezi. Hilo zoezi halikukufaa kwa sasa. Kwa mtu aliyepitia vita, kufumba macho kunaondoa vitu vinavyouambia ubongo kwamba hatari imepita: ukuta, mlango, sura ya jirani. Kinachobaki ni mwili, na mwili ndio unaoikumbuka ile siku. Kwa hiyo macho yako yabaki wazi, na usikae muda mrefu ukichunguza kifua au tumbo. Atakayekuongoza tena mwambie hivyo mapema, na kaa karibu na mlango.

Fanya badala yake kutia nanga. Nanga haiizuii dhoruba, inakizuia chombo kisichukuliwe. Kumbukumbu ikija, kanyaga ardhi kwa nguvu kwa miguu yote, bonyeza ncha za vidole vya mkono huu dhidi ya vile vya mkono ule. Kichwa kizungushe polepole utazame chumba. Taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona: ndoo ya njano, kanga, sufuria, kitasa, miguu yako. Gusa vinne, sikiliza vitatu. Kisha jiambie siku na mahali: "Leo ni Jumanne. Niko Nakivale. Mlango huu ni wangu. Hiyo ni mvua juu ya bati." Maji baridi usoni husaidia. Kumbukumbu inaweza kubaki pale pale, ni sawa, kazi yako ni kuwa na ardhi chini ya miguu wakati inapita. Jizoeze mara mbili kwa siku, dakika mbili tatu, wakati ambapo hujatishika, hasa mvua ikiwa ndogo, ili mwili uijue njia kabla ya kuihitaji. Ukiona mambo yanazidi badala ya kupungua, acha, toka nje, tafuta mtu.

Haya hayakutungwa mbali nawe. Katika kambi ya Rhino, kaskazini-magharibi mwa Uganda, wanawake 694 kutoka Sudan Kusini walishiriki utafiti wa mpango wa Shirika la Afya Duniani. Waliopewa mpango huo walikaa katika makundi wakisikiliza mafunzo yaliyorekodiwa kwa lugha yao, mara tano, saa mbili kila wiki, pamoja na kitabu cha picha, wakiongozwa na watu wa kawaida waliofunzwa. Kutia nanga kulikuwa sehemu ya mafunzo hayo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: miezi mitatu baadaye msongo wao ulikuwa umepungua kuliko wa wale ambao hawakupata mpango. Nafuu haikuwa kubwa, ilikuwa ya kweli. Uliza kituo chako cha afya au mhudumu wa afya wa kijiji kama kuna kundi la aina hiyo karibu.

Usisubiri kundi, hata hivyo, kama hulali usiku kadhaa mfululizo, kama unayaona mambo yale ukiwa macho mchana, kama unakunywa waragi ili upate usingizi, au kama umefikiria kufa. Nenda kituo cha afya leo na umwambie muuguzi kwa maneno hayo hayo, bila kuyapunguza. Wanaweza kukupeleka kwenye kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa ya mkoa, Mbarara kwa upande wenu, na ikibidi Butabika, hospitali ya taifa ya afya ya akili, Kampala. Jirani anayesoma barua hii pamoja nawe akufuate mpaka mlangoni, na usiku huu dawa za shambani azitunze kwake.